Taa Inawaka, Manjano Hayashuki: Kutafuta Kasoro katika Tiba ya Mwanga kwa Watoto Wachanga

Katika wodi ya watoto wachanga hakuna jambo linalotatiza kama mtoto aliyelala chini ya taa ya bluu tangu jana asubuhi, macho yamefunikwa vizuri, chati imejazwa bila kukosa, lakini majibu ya maabara ya leo yanaonyesha kwamba bilirubini, yaani kemikali ya njano katika damu inayosababisha manjano hayo, imepanda badala ya kushuka. Nimeuguza watoto wachanga kwa miaka mingi, na nimeona jambo hili likipokewa kwa namna mbili ambazo zote zina hatari. Wapo wanaosema mtoto aongezewe siku moja kisha apimwe tena, kana kwamba muda peke yake ndio dawa. Wapo pia wanaohitimisha mara moja kwamba ugonjwa umeshinda tiba, ilhali taa iliyokuwa juu ya mtoto haikuwa ikimtibu. Ninawaandikia wauguzi wenzangu, waganga na mafundi wa vifaa tiba, hasa wale wa hospitali za wilaya na vituo vya afya, ambao mara nyingi wana taa moja au mbili tu na hawana mtu wa karibu wa kumuuliza.

Mwanga ni dawa, na dawa ina dozi. Bilirubini hutokana na kuvunjika kwa chembechembe nyekundu za damu, na ini la mtoto mchanga huwa bado halina nguvu ya kuibadilisha yote ili itoke kwa njia ya nyongo. Mwanga wa bluu unapofika kwenye ngozi huigeuza umbo bilirubini iliyomo katika ngozi na katika mishipa midogo ya damu iliyo karibu na uso wa ngozi, ikawa ya aina inayoyeyuka katika maji na kutoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini. Dozi ya dawa hii inatokana na mambo manne: rangi ya mwanga, nguvu yake, ukubwa wa ngozi inayopigwa na mwanga huo, na muda ambao mtoto anakaa chini yake. Rangi inayofaa zaidi ni ile ya mawimbi ya nanomita 460 hadi 490, yaani bluu inayoelekea kijani. Si miale ya urujuanimno inayounguza ngozi, kama wazazi wengi wanavyohofia. Nguvu inayotakiwa kwa tiba kamili ni angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita, ikipimwa pale ngozi ya mtoto ilipo. Taa nyingi za zamani hutoa 8 hadi 10 tu, na macho ya binadamu hayawezi kuitofautisha 10 na 30, kwa kuwa zote zinaonekana bluu na zote zinang'aa.

Kabla ya kugusa taa, mtazame mtoto

Utafutaji wa kasoro usianze na kifaa. Zima taa kwa dakika moja ili umwone mtoto katika mwanga wa kawaida, kwa sababu mwanga wa bluu huficha weupe wa midomo wa mtoto aliyepungukiwa na damu na ubluu wa mtoto anayekosa hewa. Angalia kama ananyonya kwa nguvu, kama analegea, kama analia kwa sauti kali ya juu isiyo ya kawaida, kama anakunja mgongo na shingo kwenda nyuma, kama ana homa au degedege. Dalili hizo zinaonyesha kwamba bilirubini imeanza kuudhuru ubongo. Mtoto wa namna hiyo anahitaji daktari sasa hivi na matayarisho ya kubadilishiwa damu, na muda wa kusafisha au kurekebisha taa haupo. Taa iendelee kuwaka juu yake wakati matayarisho yanafanyika, hata kama ni dhaifu.

Vivyo hivyo, mtoto aliyepata manjano katika saa 24 za kwanza za maisha, au ambaye manjano yamefika kwenye viganja na nyayo, ahesabiwe kuwa na hali kali mpaka kipimo kionyeshe vingine. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, tazama weupe wa macho, ufizi, na ncha ya pua baada ya kuibonyeza kwa kidole na kuiachia, lakini usikadirie kiwango kwa macho. Kiwango cha kuanza tiba na kiwango cha kubadilisha damu hutegemea umri wa mtoto kwa saa, wiki alizozaliwa nazo na hatari nyingine alizo nazo, kwa hiyo majibu ya maabara yasomwe kwenye jedwali linalotumika hospitalini kwenu. Angalia pia kipimo kimeandikwa kwa uniti gani. Miligramu 1 kwa desilita ni sawa na mikromoli 17.1 kwa lita, na nimewahi kuona mtoto akicheleweshwa nusu siku kwa sababu maabara iliandika kwa uniti moja na jedwali la ukutani lilikuwa la nyingine.

Taa inawaka lakini bilirubini haishuki

Mtoto mwenye kiwango cha juu apimwe tena saa 4 hadi 6 baada ya tiba kuanza, na baadaye kila baada ya saa 6 hadi 12. Katika kipimo hicho cha kwanza tunatazamia angalau kwamba kupanda kumesimama. Ikiwa bado inapanda, shuku dozi kwanza, kwa sababu hitilafu za dozi ndizo nyingi na ndizo zinazorekebishika hapo hapo kitandani.

Anza na umbali. Nguvu ya mwanga hupungua upesi kadiri taa inavyopandishwa, na taa hupandishwa kila siku kwa sababu ndogo ndogo: muuguzi anataka nafasi ya kuweka dripu, mama anataka kunyonyesha akiwa ameketi pembeni, mfanya usafi anapita na ndoo. Baada ya hapo hakuna anayekumbuka kuishusha. Kitabu cha mtengenezaji kinataja umbali unaotakiwa. Ukishaujua, bandika utepe mwekundu kwenye nguzo ya taa mahali kichwa cha taa kinapopaswa kusimama. Katika wodi niliyofanyia kazi utepe huo ulisaidia kuliko mafunzo yoyote tuliyopewa, maana hata saa nane usiku, umeme ukiwa umetoka kurudi na wodi ina muuguzi mmoja, jicho linauona. Ikiwa kitabu kimepotea, taa za LED na za tyubu zishushwe karibu na mtoto kadiri inavyowezekana bila kumpandisha joto, huku joto lake likipimwa mara kwa mara. Taa za halojeni zisisogezwe kamwe chini ya umbali ulioelekezwa na mtengenezaji, kwa kuwa zinaweza kumuunguza mtoto.

Kisha tazama mtoto yuko wapi chini ya taa. Duara la mwanga lina nguvu katikati na hupungua sana pembeni. Siku ya kwanza tulipopewa kipima mwanga, tulikizungusha juu ya godoro la kitanda kimoja polepole kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka gizani, na tukaona namba ikishuka kutoka zaidi ya 30 katikati hadi chini ya 12 kwenye kona. Kwenye kona ile ndiko tulikokuwa tumemlaza pacha wa pili. Sote tulinyamaza. Tangu siku hiyo sikubali tena watoto wawili walazwe chini ya taa moja bila kwanza kupima kila mahali watakapolala. Na pale ambapo taa hazitoshi kweli, mwenye kiwango cha juu zaidi alale katikati peke yake, na uamuzi huo uandikwe kwenye faili ili zamu inayofuata isiubadilishe kwa kutokujua.

Umri wa tyubu ni chanzo ambacho wengi hawakijui. Tyubu za bluu hupoteza nguvu yake ya kutibu muda mrefu kabla ya kuzimika, na watengenezaji wengi huelekeza zibadilishwe baada ya saa 1,000 hadi 2,000 za kuwaka. Saa 1,000 za kuwaka mfululizo ni siku 42 tu. Wodi yenye shughuli nyingi inaweza kuzimaliza saa hizo kabla ya miezi miwili, na tyubu zikaendelea kuwaka kwa miaka mitatu zikipendeza macho bila kutibu. Ndiyo sababu nasisitiza kuwe na daftari la saa linaloning'inia kwenye taa yenyewe. Baadhi ya taa zina kihesabu saa ndani. Fundi anayebadilisha tyubu akirudishe kwenye sifuri, la sivyo namba itakayosomwa ni ya tyubu zilizokwisha kutupwa. Tyubu zibadilishwe zote kwa pamoja, tena kwa aina ile ile iliyoandikwa kwenye kifaa. Nimekuta taa ambayo tyubu mbili kati ya nne ni nyeupe za kawaida zilizonunuliwa duka la vifaa vya umeme, na nyingine ambayo fundi mwenye nia njema aliweka taa za bluu za mapambo ya ukumbi. Mapambo hayo hayana uhakika wowote wa kutoa mawimbi yanayotakiwa, na mtoto hatibiwi kwa kuwekwa mahali penye rangi ya bluu. Taa za LED hudumu muda mrefu zaidi, mara nyingi zaidi ya saa 20,000, ingawa nazo hudhoofika, na zinahitaji kupimwa kama nyingine.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Kioo cha plastiki kilicho chini ya taa kikipata utando wa vumbi au alama za dawa ya kusafishia, sehemu ya mwanga inapotea kabla haijamfikia mtoto. Kama mtoto yuko ndani ya inkubeta, taa isimame wima juu yake, kwa kuwa mwanga unaoingia kwa mshazari huakisiwa na kifuniko, na kifuniko chenyewe kikae kikavu na safi. Ni jambo la kawaida kukuta kofia, blanketi au faili la mgonjwa vimewekwa juu ya inkubeta, katikati kabisa ya njia ya mwanga.

Baada ya taa, tazama ngozi. Mtoto alale uchi isipokuwa nepi ndogo iwezekanavyo na kifuniko cha macho. Kofia, soksi na mikono ya nguo vyote vinakula dozi. Nepi kubwa ya kutupa iliyovutwa mpaka kwenye kitovu inaweza kufunika sehemu kubwa ya mwili wa mtoto njiti. Kwa mtoto mwenye kiwango kilicho karibu na cha kubadilisha damu, nepi itolewe kabisa, naye awekewe taa juu na blanketi la mwanga chini yake, ikiwa lipo. Mahali ambapo taa ni moja, kitambaa cheupe kikitundikwa pande za kitanda hurudisha mwanga kwenye mbavu na mapaja, na jambo hili linaongeza nguvu ya tiba kwa gharama ya shuka moja. Kitambaa hicho kisizibe matundu ya hewa ya taa, kisimguse mtoto, na upande mmoja ubaki wazi ili aonekane wakati wote.

Jambo la nne ni muda. Chati ikisema saa 24, jumlisha saa ambazo mtoto alikuwa kweli chini ya mwanga. Ondoa muda wa kunyonyeshwa, kuoga, kutolewa damu, kupelekwa kwenye picha, na saa za umeme kukatika. Kunyonyesha kusisimamishwe, lakini kila mapumziko yasizidi dakika 30, na kwa mtoto aliye karibu na kiwango cha kubadilisha damu mapumziko yaondolewe, alishwe chini ya mwanga kwa kikombe au mrija maziwa aliyokamuliwa na mama yake. Umeme ukikatika, andika saa ya kukatika na saa ya kurudi, kisha sogeza kipimo kinachofuata kiwe mapema zaidi. Umeme mdogo nao unafanana na tatizo hili: tyubu zinawaka kwa kufifia au kupepesa, na kila mtu anadhani tiba inaendelea. Ukiona zinapepesa, fundi aangalie volti, pamoja na ballasti na staata zinazoiwasha tyubu, kabla hajalaumu tyubu yenyewe.

Neno moja kuhusu kipima mwanga. Kipimo cha mwanga wa ofisini, kinachosomeka kwa luksi, hakifai kazi hii, kwa kuwa kimetengenezwa kufuata jicho la mtu, na jicho halihisi sana bluu. Vipima mwanga vya tiba navyo vinatofautiana, kwa hiyo tumia kile kilichokusudiwa kwa aina ya taa yako, na pima kila mara mahali pale pale ili namba za wiki hii zilinganishwe na za wiki iliyopita. Mradi wa NEST360, wa kuboresha huduma za watoto wachanga katika nchi za Afrika zikiwemo Tanzania, Kenya, Malawi na Nigeria, umekuwa ukizihimiza hospitali kupata taa bora pamoja na vifaa vya kuzipima, na ni jambo la kushukuru, maana taa isiyoweza kupimwa inatuacha tukibahatisha.

Dozi imethibitika, lakini bilirubini inaendelea kupanda

Kama mwanga umepimwa na unatosha, ngozi iko wazi na saa zimetimia, basi bilirubini inatengenezwa kwa kasi kuliko tunavyoitoa, au haitoki mwilini. Hapa kazi inahamia kwa daktari na maabara, na isicheleweshwe.

Sababu ya kwanza ni kuvunjika kwa damu. Mama wa kundi O mwenye mtoto wa A au B, au mama mwenye Rh hasi na mtoto mwenye Rh chanya, wanatakiwa kufikiriwa mara moja. Agiza kundi la damu la mama na mtoto, kipimo cha Coombs (kinachoonyesha kama kingamwili za mama zimeshika chembechembe za damu ya mtoto) na wingi wa damu. Sababu ya pili, ambayo katika maeneo yenye historia ya malaria kama pwani yetu na kanda ya ziwa isisahaulike, ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Hurithiwa, huwapata zaidi watoto wa kiume, na mtoto anaweza kukaa salama mpaka akutane na kitu kinachoichokoza damu yake. Kitu hicho mara nyingi kiko ndani ya sanduku la nguo. Bibi ametunza nguo za watoto kwa miaka, ameziwekea vidonge vya dawa ya nondo ili wadudu wasizile, na siku mjukuu anapozaliwa anazitoa kwa furaha na kumvalisha. Harufu ile ya naftalini inatosha kumvunjia damu mtoto mwenye upungufu huu. Kwa hiyo nusa nguo, nusa kanga aliyofungiwa, na uliza kwa upole bila kumfanya bibi ajione mkosaji. Nguo zifuliwe na kuanikwa vizuri kabla ya kuvaliwa, na kwa mtoto huyu zitafutwe nyingine kabisa. Jihadhari pia kwamba kipimo cha G6PD kikichukuliwa wakati damu inavunjika kwa kasi kinaweza kutoa majibu ya kawaida kwa uongo, kwa kuwa chembechembe zilizobaki ni zile changa zenye kimeng'enya cha kutosha. Itabidi kirudiwe baadaye.

Maambukizi huongeza manjano na huyafanya yakaidi tiba, kwa hiyo kitovu chenye wekundu au usaha, homa, mwili wa baridi au kukataa kunyonya vinataka dawa bila kusubiri. Uvimbe wa damu kichwani baada ya kuzaliwa kwa shida ni ghala la bilirubini linalofunguka polepole kwa siku kadhaa. Na lipo jambo la kawaida kuliko yote, yaani mtoto asiyepata maziwa ya kutosha. Bilirubini iliyofika kwenye utumbo inatakiwa itoke na choo. Mtoto asipokula hapati choo, na ile bilirubini hunyonywa tena kurudi kwenye damu. Mpime uzito kila siku, uhesabu nepi, na umsaidie mama kunyonyesha kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku na mchana. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, maziwa yaliyokamuliwa yaongezwe kwa kikombe. Maji matupu na maji ya glukosi havishushi bilirubini, na vinachukua nafasi ya maziwa tumboni.

Macho yanasema hivi, maabara inasema vile

Mama mmoja alinishika mkono asubuhi ya siku ya pili akitabasamu: "Shikamoo nesi. Mwanangu amerudi rangi yake, naomba nimvalishe turudi nyumbani." Alikuwa anasema kweli kuhusu kile alichokiona. Ngozi ya mtoto ilikuwa imepauka na manjano hayakuonekana tena kifuani. Nikamwambia, "Marahaba, mama. Njoo tuangalie pamoja chini ya nepi." Tulipoifungua, ngozi iliyokuwa imefunikwa ilikuwa bado ya manjano kabisa, na maabara ikathibitisha kwamba kiwango hakijafika pa kusimamisha. Mwanga huanza kazi kwenye ngozi inayopigwa, kwa hiyo ngozi hiyo husafishika kabla ya damu. Mtoto aliye chini ya taa asihukumiwe kwa rangi, na kifaa cha kupima bilirubini kwa kugusa ngozi nacho hudanganyika, isipokuwa kikitumika mahali palipofunikwa tangu mwanzo.

Kinyume chake pia hutokea: mtoto anaonekana mbaya, maabara inatoa namba ya chini yenye kufariji. Hapo fuata njia iliyopita damu. Mwanga haubagui bilirubini iliyo mwilini na iliyo kwenye chupa. Katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, katika miaka ya 1950, muuguzi Jean Ward aligundua kwamba watoto aliowatoa nje juani walipungua manjano pale jua lilipowafikia, na katika hospitali hiyo hiyo chupa ya damu iliyoachwa dirishani ikatoa kiwango cha chini kuliko kilichotarajiwa. Kutokana na hayo, Cremer na wenzake walichapisha mwaka 1958 maelezo ya kwanza ya tiba hii. Kilichowapa wao ugunduzi kinatupa sisi majibu ya uongo. Zima taa wakati wa kuchukua damu, funga chupa kwa karatasi ya foili au karatasi nyeusi, na usiiache kwenye meza ya dirishani ikimsubiri mtu wa kuipeleka. Namba isiyolingana na mtoto irudiwe kwa damu mpya kabla ya kuaminiwa.

Mtoto anapata joto, baridi, au anabadilika rangi

Joto la kwapani linatakiwa kuwa kati ya 36.5 na 37.5, lipimwe angalau kila baada ya saa 3 hadi 4. Tyubu na halojeni hupasha moto, kwa hiyo mtoto anayepanda joto chini yake achunguzwe kwanza kama chumba kina hewa, kisha kama feni ya taa inazunguka, na wakati huo huo asisahauliwe kuwa huenda ana maambukizi. LED haitoi joto la kutosha, na mtoto aliyevuliwa nguo chini yake hupoa, hasa usiku na hasa aliye njiti. Niliwahi kumkuta mtoto amefunikwa kitenge mpaka shingoni. "Mama, mbona umemfunika?" "Dada, alikuwa anatetemeka, nikamhurumia." Nilipompima alikuwa na nyuzi 35.9. Yule mama alikuwa ameona kasoro ambayo sisi tulio zamu hatukuiona. Dirisha lilifungwa, kifaa cha kupasha chumba joto kikawashwa, mtoto akapashwa kifuani kwa mama yake kwa muda mfupi na kurudishwa chini ya mwanga akiwa wazi.

Choo chepesi cha kijani ni dalili kwamba bilirubini inatoka, na vipele vidogo hupotea vyenyewe. Kifuniko cha macho kikitelemka kinaweza kuziba pua, kwa hiyo kiangaliwe kila unapopita, na kivuliwe wakati wa kunyonya ili mama na mtoto waonane na wewe upate kuona kama macho yana uchafu.

Ngozi ikigeuka kuwa ya kijivu-kahawia kama shaba, agiza bilirubini ya aina zote mbili, yaani iliyokwisha kubadilishwa na ini na ambayo bado. Mabadiliko hayo hutokea kwa mtoto ambaye nyongo yake haitoki vizuri, na yanataka uchunguzi wa ini. Hata hivyo, katika kuamua kubadilisha damu tumia jumla ya bilirubini, usiiondoe kwenye hesabu ile iliyokwisha kubadilishwa na ini.

Manjano yanarudi baada ya taa kuzimwa

Tiba husimamishwa bilirubini ikishuka vya kutosha chini ya kiwango cha kuanzia. Miongozo ya Uingereza hutumia mikromoli 50 kwa lita chini yake. Kupanda kidogo baada ya hapo ni kawaida. Kwa mtoto njiti, mwenye damu inayovunjika au aliyeanza tiba mapema, pima tena saa 12 hadi 24 baada ya kuzima, na kama familia inatoka mbali, tafuta namna ya kuibakiza mpaka kipimo hicho kifanyike. Mtoto ambaye damu yake ilivunjika arudi pia baada ya wiki kadhaa kuangaliwa upungufu wa damu.

Familia nyingi zikifika nyumbani humwotesha mtoto jua, na sisi wenyewe wauguzi tumechangia kueneza ushauri huo. Jua linao mwanga wa bluu, lakini pamoja nao lina miale inayounguza na joto lisilopimika, na mtoto akivuliwa nguo alfajiri anapata baridi. Utafiti uliofanyika Lagos, Nigeria, na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mwanga wa jua unaweza kutibu sawa na taa, ila ulikuwa umechujwa kwa plastiki maalumu inayozuia miale ya urujuanimno na sehemu ya joto, na watoto walikuwa chini ya uangalizi wa wahudumu muda wote. Kikao cha dakika kumi barazani si tiba hiyo, na kinamchelewesha mtoto anayehitaji hospitali.

Mweleze mama arudi siku hiyo hiyo akiona manjano yanaongezeka, mtoto analala bila kuamka kunyonya, au analia kwa sauti asiyoizoea. Manjano yanayopita siku 14 kwa mtoto aliyetimiza miezi, au siku 21 kwa njiti, hayatibiwi kwa taa kabla ya kutafuta chanzo. Umwonyeshe pia choo cha kutazama. Cha njano au kijani ni kizuri, lakini choo cheupe kama chokaa au cha rangi ya udongo mkavu, pamoja na mkojo wa rangi nzito unaoacha doa kwenye nepi, ni dalili kwamba njia ya nyongo huenda imeziba, na upasuaji wa kuifungua hufanikiwa zaidi ukifanyika kabla ya siku 60 za maisha. Mwambie aje na nepi yenyewe.